Baridi Niliyoazima kwa Bwana Mifugo

Barua ilikuja ndani ya bahasha moja na majibu ya wagonjwa. Mkuu wetu wa maabara aliisoma nusu, akaisukuma upande wangu wa meza.

"Soma wewe uliyetoka chuoni juzi," akasema. "Nairobi wanatuomba baridi ambayo hatuna."

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na mimi nilikuwa na mwaka wa pili kazini katika hospitali moja pale Kilifi. Nilizaliwa Malindi, mji wa kale, katika nyumba ambayo wanawake wake walijua kusoma Kurani na kushona kofia za vito, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikwa kazi. Mimi nilikuwa wa kwanza. Katika maabara ile nilikuwa pia mwanamke peke yangu, na kazi nilizopewa zilikuwa zile ambazo wenzangu hawakuzigombea: choo, mikojo, makohozi, na damu za malaria zisizokwisha. Sikulalamika. Nilizifanya vizuri, na nilijua kwamba nazifanya vizuri.

Aliyeandika barua alikuwa daktari mwanamke, mtafiti wa saratani ya matiti. Kwa kawaida kipande cha nyama kikitolewa mwilini mwa mtu tulikitia katika fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, tukakipeleka Nairobi kikatazamwe kwa darubini. Darubini ilisema ni saratani au si saratani, basi. Yeye alitaka kujua zaidi. Alieleza kwamba katika baadhi ya saratani hizi, chembe za uvimbe zina protini fulani kwa wingi, protini inayoikamata homoni ya kike ikipita katika damu, na kwa homoni hiyo uvimbe hukua. Nyingine hazina protini hiyo, au zina kidogo mno. Ukiipima unajua uvimbe huu ni wa namna gani, na kama vidonge vya kuzuia homoni vitamfaa mgonjwa au atavimeza bure.

Shida ni kwamba protini yenyewe haivumilii. Kipande kikikaa nje nusu saa katika joto letu la pwani, huanza kuharibika. Fomalini nayo huivuruga, isipimike kwa njia aliyokuwa nayo yule daktari. Kipande kilitakiwa kigandishwe papo hapo, kwa baridi kali kuliko ya friji yoyote, na kibaki kimeganda mpaka Nairobi. Sisi tulikuwa na friji moja ya mafuta ya taa, na siku nyingine haikuweza hata kugandisha maji.

Nilikunja barua nikaitia mfukoni mwa koti langu jeupe. Pengine ingekaa humo mpaka ikafuliwa, lau si mama mmoja aliyeletwa kwangu wiki ile ile kutolewa damu.

Alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, bara ya Malindi, mshonaji wa makuti. Makuti yake yaliezeka nusu ya hoteli za Watamu, hivyo ndivyo alivyoniambia kabla sijamfunga mpira mkononi, na alisema kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya kubisha. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, vidole vyake vimekauka kwa kamba na miyaa, majani ya mkoma. Uvimbe aliugundua siku alipobeba mzigo wa makuti kifuani na kitu kikamwuma upande wa kushoto. Alikaa nao miezi kadhaa bila kumwambia mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo damu unaipeleka wapi?"

"Hapa hapa, mama. Naipima kama inatosha, maana daktari anataka kukupasua."

"Na ile nyama waliyonitoa mwezi uliopita?"

"Ile ilikwenda Nairobi. Majibu yamerudi."

"Najua majibu yake," akasema. "Daktari amenambia ni kansa. Ziwa lote litakatwa. Nauliza nyama yenyewe. Walipoitazama, waliona nini?"

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimjibu nilivyoweza, kwamba waliona chembe zimekua bila mpango. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo kisichotosha kushona paa. Alipoondoka niliitoa ile barua nikaisoma tena.

Nilijua mahali baridi ilipokuwa. Miezi michache nyuma, nilipokwenda kununua maziwa karibu na kituo cha mifugo, nilimwona bwana mifugo akifunua mtungi wa chuma uliokuwa umefungwa nyuma ya pikipiki yake. Mvuke mweupe ulimwagika nje ukatambaa chini kama moshi mzito. Ndani mlikuwa na mbegu za fahali, zimegandishwa katika naitrojeni ya maji, ambazo yeye alizunguka nazo vijijini kupandikizia ng'ombe. Watoto walimkimbilia wauone mvuke, mimi nikatamani kuuliza ni baridi kiasi gani, nikaona haya. Sasa haya zilinitoka. Siku ya pili nilikwenda ofisini kwake.

"Karibu, dada," akasema. "Ng'ombe wako yuko wapi?"

"Sina ng'ombe. Nataka baridi yako."

Alikuwa mtu wa makamo, Mkristo wa upande wa Kaloleni, mpole wa maneno lakini mwoga wa wakubwa wake. Nilipomweleza alifungua daftari lake, akalifunga tena.

"Naitrojeni hii naitilia sahihi," akasema. "Ikiisha kabla ya gari la Mariakani kuniletea nyingine, mbegu zote zinakufa. Nitaulizwa mimi."

"Sihitaji mtungi wako mkubwa. Huna mdogo?"

Alikuwa nao, umewekwa pembeni kwa sababu kifuniko chake kilipinda. Alisema unashika baridi siku mbili, labda na nusu. Tukakubaliana kwamba siku atakayoletewa naitrojeni mpya, ile iliyobaki ya zamani nitapewa mimi, na daktari wetu wa upasuaji nilimwomba apange kazi ya yule mama siku inayofuata. Daktari aliniangalia juu ya miwani yake. Nadhani alikuwa hajawahi kupangiwa ratiba na mpimaji wa choo. Hata hivyo aliandika siku niliyomtajia.

Wiki moja kabla, bwana mifugo alinipa naitrojeni kidogo ya kujifunzia. Nilinunua maini ya kuku sokoni, nikayakata vipande kama punje za kunde kwa kijisu cha maabara, nikavitia katika vichupa, nikavitumbukiza kwa koleo. Naitrojeni ilichemka na kulia kama chuma cha moto ndani ya maji. Vichupa viwili vya kwanza vilipasuka. Nikatafuta vingine vya plastiki ngumu, nikaacha nafasi juu, nikarudia mpaka mkono ukazoea. Mkuu wa maabara alisimama mlangoni akaniuliza kama hayo maini ni ya mchuzi. Nikamwambia la, ni ya mazoezi. Hakucheka.

Iliyobaki ni ruhusa ya mwenyewe. Nilimkuta wodini amekaa kitako juu ya kitanda, anasuka kamba kwa nyuzi alizozichomoa katika shuka kuukuu. Nilimweleza kwamba ziwa likishakatwa, nataka sehemu ya ule uvimbe niigandishe niipeleke Nairobi, wapime kama ina protini inayokamata homoni ya kuukuza.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo huyu mdudu ana chakula chake, na nyinyi mwataka kujua anakula nini."

Sijasikia mwalimu wa chuo akilieleza jambo lile vizuri kuliko hivyo.

"Ndiyo, mama. Akiwa anakula homoni, kuna vidonge vya kumnyima, iwapo mabaki yake yamo bado mwilini."

"Na asipokuwa anakula hiyo?"

"Hapo vidonge havitamfanya kitu. Na huenda akawa mkali zaidi."

Aliendelea kusuka. "Basi mpelekeni," akasema. "Lakini jibu nataka kulisikia kwako wewe. Usinitumie karatasi. Karatasi sijui kusoma, na anayejua atanisomea anavyopenda."

Nikamwahidi.

Siku ya upasuaji nilisimama kwenye mlango wa chumba tangu saa mbili asubuhi, mtungi uko miguuni, vichupa vimeandikwa namba, glovu mikononi. Mkuu wa maabara alikuja pia, bila kuitwa, akavua saa yake ya mkononi. "Nitahesabu dakika," akasema. Ziwa lilipotoka ndani ya bakuli la chuma, daktari mwenyewe alinionyesha uvimbe ulipo. Ulikuwa mgumu na mweupe. Nilikata kipande kikubwa kikaenda katika fomalini kama kawaida, kisha nikakata vile vidogo, vinne, nikavitia katika vichupa na kuvitumbukiza. Nilipoufunika mtungi, mkuu wa maabara alisema, "Dakika sita." Akavaa saa yake akarudi kazini. Lakini kesho yake nilimsikia akimwambia mfamasia dakika sita, dakika sita, kama kwamba ni yeye aliyekata.

Nilikuwa nimekusudia kwenda Mombasa na mtungi wangu, nivuke kwa feri pale Mnarani, niupeleke katika treni. Kumbe feri ilikuwa imesimama kwa matengenezo, na magari yamepanga foleni mpaka juu kilimani. Nikarudi mbio kwa bwana mifugo.

"Gari letu linatoka Mariakani alasiri hii kwenda Nairobi," akasema. "Nikiizunguka hori kwa njia ya bara, nikapitia Kaloleni, nitaliwahi. Nipe huo mtungi."

"Sikupi," nikamwambia. "Kifuniko chake kimepinda. Ukilala upande, naitrojeni yote inamwagika. Lazima mtu aushike wima."

Aliitazama pikipiki. Akanitazama mimi na buibui langu. Nilikaa ubavu nyuma yake, mtungi katikati yetu, nimeukumbatia kwa mikono miwili, tukashika njia ya Kaloleni.

Ilikuwa barabara ya changarawe, yenye milima na makorongo. Kila tulipopita watu waligeuka. Mwanamke wa kiungwana wa Malindi, buibui linapepea, amepakiwa na bwana mifugo wa serikali, na kifuani pake kitu kinatoa moshi. Kwenye mteremko mmoja tulikutana na wanawake waliobeba maji, wakatua ndoo zao chini ili watazame vizuri. Mgongo uliniuma, vumbi lilinijaa puani, na mkono wa kulia ulikufa ganzi kwa baridi iliyopenya katika chuma. Lakini nasema kweli, sikuona aibu. Nilikuwa nahesabu masaa, nikiona kila kilima tunachokishuka kinanisogeza.

Tulifika Mariakani gari limekwisha kupakiwa madebe matupu ya maziwa. Nilibandika plasta juu ya mtungi nikaandika kwa herufi kubwa: USIFUNUE. USILAZE. Nikampa dereva barua ya daktari wa Nairobi, nikamwambia mara tatu mahali pa kuupeleka.

"Mna nini humu?" akauliza.

"Jibu la mama mmoja," nikasema, na yeye akaufunga wima nyuma ya kiti chake kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe.

Habari zilinitangulia Malindi. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa juma, mama yangu alikuwa amekaa ukumbini, uso wake umefungwa.

"Nimeambiwa umeonekana juu ya pikipiki na mwanamume, njia ya Kaloleni."

"Ni kweli, mama."

"Mwanamume gani?"

"Bwana mifugo. Nilikuwa nimebeba nyama ya ziwa la mgonjwa, imegandishwa. Ingeharibika."

Nilimweleza yote, kuanzia barua. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaniambia jambo ambalo sikulijua. Dada yake mkubwa, ambaye sisi watoto tuliambiwa alikufa kwa homa, alikufa kwa ziwa. Lilikuwa limetoka kidonda, na hakuna aliyeruhusiwa kulitaja, wala daktari hakuitwa.

"Tulimpaka tu mafuta na kumfunika," akasema mama. "Wakikuuliza tena hao majirani, waambie waje kwangu."

Walikwenda, na yeye akawajibu. Mmoja wao alikuja kunisimulia baadaye kwamba mama yangu alisema bintiye hupanda chochote chenye magurudumu ikiwa mbele yake kuna mgonjwa. Nilipolisikia hilo nilitembea mjini kichwa juu kwa siku kadhaa.

Majibu yalichukua wiki saba. Mkuu wa maabara ndiye aliyefungua bahasha, na safari hii aliisoma yote. Kisha akasimama, akaisoma tena kwa sauti, wapimaji wote wanasikia. Protini ilipatikana kwa wingi. Mgonjwa angefaa kuanzishwa vidonge vya kuzuia homoni, na yule daktari alikuwa ameviweka pamoja na barua, vya miezi ya mwanzo. Chini, kwa mkono wake, alikuwa ameongeza kwamba sampuli yetu ilifika katika hali nzuri kuliko nyingi alizoletewa kutoka hospitali za karibu, na akaomba aambiwe nani aliyeitayarisha. Mkuu alichukua kalamu papo hapo akaandika jina langu, kamili, na la babangu. Barua akaibandika ukutani juu ya darubini, na ilikaa pale mpaka karatasi ikageuka rangi.

Mimi nilipanda basi siku iliyofuata mpaka Malindi, nikaunganisha mpaka Kakuyuni, vidonge viko mkobani. Nilimkuta uani kwake kati ya marundo ya miyaa mikavu. Anashona. Mkono wa kushoto ulikuwa bado haunyanyuki vizuri, hivyo alikuwa amebuni njia ya kuufunga ufito kwa kidole cha mguu, akivuta kwa mkono wa kulia. Alinitazama mpaka nikakaa mkekani.

"Umekuja na mdomo au na karatasi?"

"Na mdomo, mama. Ile protini iko. Iko nyingi."

Alimalizia fundo alilokuwa akilifunga. "Kwa hivyo anakula hicho."

"Anakula hicho."

"Tumnyime, basi," akasema, akanyoosha kiganja kupokea vidonge.

Nilimwonya kwamba vidonge si ahadi. Vinasaidia wengi wenye uvimbe wa namna yake, si wote, na ni lazima avimeze kila siku. Akanijibu kwamba mtu aliyeezeka nusu ya hoteli za Watamu kuti kwa kuti hawezi kushindwa na kidonge kimoja kwa siku. Na hakushindwa. Alikuja kliniki kila alipotakiwa, akanipitia maabara kila alipokuja.

Sitaki kuandika kana kwamba wote waliishia hivyo. Katika miaka miwili iliyofuata nilituma sampuli nyingine kwa njia ile ile, na bwana mifugo akawa ananiuliza mwenyewe kama kuna mzigo. Moja ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi, kijana, umri wangu. Jibu lake lilirudi kwamba protini haikuwepo kabisa. Yeye nilimweleza kwenye benchi nje ya wodi. Aliniuliza swali moja tu, kama kujua huko kumemsaidia nini. Nilimwambia kwamba walau hatutampotezea siku kwa dawa isiyomfaa, atapelekwa moja kwa moja Nairobi kwa dawa kali. Alikwenda. Aliishi mwaka na kitu, na alifundisha mpaka muhula wake wa mwisho. Nilikwenda mazishini kwao, na wazazi wake walinikalisha mbele na jamaa. Nilielewa siku ile kwamba kuipima protini si sawa na kuishinda. Lakini nilielewa pia kwamba alistahili jibu lake kama yule mama alivyostahili lake, na kwamba nililileta likiwa zima.

Kuelekea mwisho wa miaka ya themanini nilipelekwa Nairobi kusomea kazi ya vipande vya nyama, kuvitia nta, kuvikata na kuvipaka rangi. Yule daktari aliyeandika barua alinipokea mlangoni pa maabara yake. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania. Aliniambia wameanza kujaribu rangi zinazoonyesha protini ile ile katika chembe, mtu akaiona kwa macho yake kupitia darubini, kahawia ndani ya kiini. Akanikalisha kwenye darubini yake nikaona. Nilitazama muda mrefu, mpaka wanafunzi waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa, na sikuinuka haraka kwa sababu yao.

Niliporudi Kilifi nilipewa chumba changu kidogo na mashine ya kukatia. Haikupita miezi mitatu, asubuhi moja nikasikia kelele benchi la nje. Nikatoka. Mshonaji makuti alikuwa amesimama, fimbo mkononi, nyuma yake wanawake watano wa Kakuyuni wamekaa mstari mmoja, wamejifunga leso zao mpya.

"Hawa wana vijiuvimbe," akaniambia. "Au wanafikiri wanavyo, au wanaogopa kutazama. Nimewaambia ukija mapema unakatwa kidogo. Watazameni wote, na nisione mmoja akitoroka."

Nikamwita daktari. Wanne walikuwa hawana kitu cha kutisha. Wa tano, bibi arusi wa mwaka ule, alikuwa na kivimbe kidogo kama punje ya mahindi, na kilipotoka nilikipokea mimi, nikakikata na kukipaka rangi ili daktari akitazame. Yule mama alikaa naye wodini siku zote tatu, akimwonyesha jinsi ya kusuka kamba kwa nyuzi za shuka, mpaka nilipokuja na jibu kwamba hakikuwa saratani.